Ardhi tunayochimba iko ndani ya simu: nani anajua kuisoma?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto mnaobaki nyumbani mkiwangoja, kuko neno moja tunalolisikia kila mara tukifika kwenye ofisi: «Angalia kwenye intaneti.» Unauliza machimbo fulani ni ya nani, wanakuambia angalia kwenye intaneti. Unauliza kampuni ililipa nini kwa Leta, angalia kwenye intaneti. Mtoto amefanya Examen d'État, finya namba yake kwenye simu, utajua kama amepita.

Zamani mtu alikuwa anapanda toleka, anafika mbele ya ofisi, anakaa kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Ilikuwa inachosha, lakini mlango ulionekana. Sasa Leta inahamisha kazi zake kidogo kidogo kwenye simu na kompyuta. Kwa yule anajua kufinya na anajua kusoma kile kinachotokea, hii ni mwangaza. Kwa yule hajui, mlango umefungwa, na hata kufuli haoni iko wapi.

Sisi wa sendika tunataka kusema leo zaidi juu ya mlango moja, ule unaogusa mkate wetu wa kila siku: ramani ya Cadastre Minier.

Sheria inasema nini

Code minier ya mwaka 2002, ile iliyorekebishwa na sheria n° 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inasema mchimbaji wa mikono lazima awe raia wa Kongo, awe mtu mzima, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na Leta, na awe na karte ya mchimbaji. Karte hiyo ni ya mwaka moja, ikiisha inafanywa upya. Tena inasema tunaweza kuchimba ndani ya eneo lililotengwa kwa ajili yetu, lile linaloitwa ZEA, zone d'exploitation artisanale. Waziri wa Mines ndiye anayeitenga, kwa arrêté.

Hapo ndipo kuko mwiba. Sheria hiyo hiyo inasema fasi ambayo iko tayari chini ya permis ya mtu mwingine, na permis ile ingali hai, haiwezi kugeuzwa ZEA. Basi unaweza kuwa na karte mfukoni, koperative yako ikawa na karatasi zake zote, na bado shimo lako likawa juu ya ardhi ambayo Leta ilishaandika kwa jina la kampuni. Siku kampuni itakuja, wewe ndiye utakayeitwa mwizi.

Namna gani utajua? Cadastre Minier imegawanya inchi yote kwa vipande vya mraba vinavyoitwa carré. Carré moja ni hekta 84,955, ni kusema kila upande iko karibu metre 920. Kila permis ni kundi la carré. Ramani ya carré hizo iko kwenye intaneti, na kila mtu anaweza kuifungua bila kulipa. Ukigusa kipande, inakuonyesha mwenye permis, ni permis ya aina gani, ilitolewa lini, itakufa lini. Permis ya kutafuta madini, PR, ni ya miaka 5, na inaweza kuongezwa mara moja. Permis ya kuchimba kwa mashine kubwa, PE, ni ya miaka 25. Na ZEA, yale maeneo yetu, nayo iko pale.

Hii yote iko wazi. Mtu wa Kinshasa anaiona, mtu wa China anaiona, mtu wa Canada anaiona akiwa amekaa kwake. Ni sisi, wenye miguu ndani ya udongo wenyewe, ambao wengi wetu hatujawahi kuifungua hata siku moja.

Mashimo mawili

Tunajua kundi moja la wachimbaji wa upande wa barabara ya Banalia. Waliingia porini, wakakata miti, wakatoa maji, PDG wao akakopa makuta ya motopompe. Walipoanza kuona dhahabu, watu walifika na karatasi na bendera za kupima. Permis ilikuwa ya siku nyingi. Wachimbaji wakasema: «Hakuna mtu aliyetuambia.» Ni kweli, hakuna aliyekuja kuwaambia. Lakini habari ilikuwa imelala kwenye ramani miezi yote ile, na ndani ya kundi lile mlikuwa na simu kubwa zaidi ya kumi. Walikuwa wanatumia simu hizo kwa WhatsApp, kwa nyimbo na kwa kuangalia mpira. Deni la motopompe lilibaki, dhahabu haikubaki.

Kundi lingine, si mbali sana na lile, lilifanya namna ingine. Mmoja wao ana binti aliyemaliza humanités, hana kazi, yuko nyumbani. Mbele ya kukata mti hata moja, walimwomba binti huyo awaonyeshe namna ya kuchukua point ya GPS. Wakaenda porini na simu, wakaandika namba kwenye daftari, wakarudi Kisangani, binti akafungua ramani. Fasi ya kwanza waliyoitaka ilikuwa chini ya PR. Ya pili ilikuwa wazi. Walikaa kwenye ya pili, na koperative yao ikaandika barua ya kuomba ZEA ikiwa na namba zake sawasawa. Jibu bado halijatoka, Leta iko na mwendo wake. Lakini hawajatupa makuta yao kwenye shimo la mtu mwingine.

Tofauti ya makundi haya mawili haikuwa nguvu, wala makuta, wala bahati. Ilikuwa saa moja ya binti aliyejua kusoma ramani.

Namna ya kufanya

Tueleze kidogo, sababu ni kazi ambayo kila mtu anaweza kujifunza. GPS ya simu inasoma satelite za juu. Haihitaji rezo, haihitaji inite. Hata ndani ya pori la Bafwasende, ukisimama fasi ambayo miti haifuniki mbingu, ukangoja dakika chache, simu itatoa namba mbili: moja ya kaskazini au kusini, ingine ya mashariki. Andika zote mbili kwenye karatasi. Zunguka fasi unayotaka, chukua kila kona. Kisha ukifika mjini, fasi iko na rezo, fungua ramani na utafute namba hizo.

Kwetu Tshopo kuko mtego moja. Mstari wa Ekweta unapita ndani ya province yetu. Mji wa Kisangani uko kaskazini ya mstari, karibu dakika 31. Ubundu iko kusini, karibu dakika 21. Mchimbaji wa Ubundu akiandika herufi N kwa fasi ya S, ramani itamtupa karibu kilometa 77 mbali na shimo lake, atajiona kama yuko jirani ya Kisangani, na atasema: «Fasi yangu iko wazi!» Kumbe anaangalia pori lingine kabisa. Basi herufi ile ndogo iangaliwe mara mbili. Kama simu inaandika alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza, ni kusema uko kusini.

Tena, ramani ya kwenye simu inaweza kuchelewa kidogo kuandika mabadiliko. Mbele ya kuweka makuta mengi, koperative iende kuuliza kwa ofisi ya mines, na iombe jibu la maandishi. Lakini mtu anayekwenda kuuliza akiwa na namba za carré mkononi hajibiwi kama yule anayesema «ni pale nyuma ya mto, karibu na muti mukubwa». Ofisi inaona kwamba anajua anachouliza.

Hatuko wajinga

Wengine wanasema wachimbaji hawajasoma, intaneti ni ya watu wa bureau. Tunakataa. Angalia M-Pesa. Ilifika inchini mwaka 2012. Leo mchimbaji aliyeacha shule darasa la tatu anafinya *1122#, anatuma makuta ya chakula kwa bibi yake Mangobo ao Lubunga, anaficha namba yake ya siri, na ukimkata franka mia tano anajua. Angalia pia siku matokeo ya Examen d'État yanapotoka: mama ambaye mwaka wote alisema hajui simu, siku ile anajua mahali pa kuandika code ya mtoto.

Kwa nini pale wanajua, na kwa kazi za Leta hawajui? Tumezungumza juu ya jambo hili na wachimbaji na wamama, na tunaona sababu nne.

Ya kwanza, simu yenyewe. M-Pesa inafanya kazi hata kwa simu ndogo ya mabutoni. Ramani ya Cadastre inataka simu kubwa na mega za kutosha, na wamama wengi wa machimbo wako na simu ndogo.

Ya pili, luga. Constitution ya 2006, article ya kwanza, inataja luga nne za inchi: Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba, na inasema Leta izipandishe bila ubaguzi. Lakini ukifungua kazi za Leta kwenye intaneti, utakutana na Kifaransa, tena Kifaransa kizito cha sheria. Mtu anayesoma Swahili na Lingala vizuri kabisa anafika kwenye «titulaire», «octroi», «périmètre», anafunga simu.

Ya tatu, mtu wa kusaidia. Kila kona ya mji kuko mtu wa M-Pesa chini ya parasol. Ukikosa, unamuuliza. Kwa kazi za Leta, parasol haiko.

Ya ine, faida. Kwa M-Pesa unaona faida saa ile ile. Kwa Leta unatuma maombi, yanaondoka, na hujui yamelala wapi. Mtu akifanya mara mbili bila jibu, mara ya tatu hafanyi tena.

Parasol ya uongo

Pale msaada wa kweli haupo, msaada wa kulipisha unaingia. Wenzetu wengi wanapeleka karatasi zao kwa sekretariati za barabarani. Wengi wa vijana wale ni watu wazuri, na kazi yao ni kazi. Lakini tumeona mambo ya kuumiza. Mwenzetu moja alilipa ili wamjazie maombi. Yule aliyejaza aliweka email yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu. Jibu lilipofika, lilifika kwa yule kijana. Mwenzetu aliambiwa alipe tena ndiyo aonyeshwe jibu la karatasi yake mwenyewe.

Tushike mambo haya, na tuwafundishe watoto:

Email iwe ya kwako ao ya koperative yako, na mot de passe ujue wewe. Kama huwezi kuikumbuka, iandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, si kwenye daftari la mtu wa sekretariati.

Namba ya simu iwe ile usiyobadilisha. Wengi wetu tunatupa kadi ya simu kila mara promosheni mpya inatoka. Kwa Leta, namba yako ni kama jina lako. Ukiitupa, umejitupa.

Kila kitu ulichotuma, chukua picha yake, na uombe kopi ya karatasi. Tangu Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, maandishi ya kompyuta yanakubaliwa na sheria kama yale ya karatasi. Ni vizuri, lakini lazima uwe nayo mkononi ili uyaonyeshe.

Na mtu akikuomba makuta ya «kufungua dosie kwenye intaneti», mwambie akuonyeshe fasi bei imeandikwa, na akupatie kitambulisho cha malipo. Kama hawezi, ondoka.

Watu wanakumbuka RAM

Kuko pia jambo la kuamini. Mwaka 2020 watu waliona inite zinapungua kwenye simu zao kwa jina la RAM, registre ya simu. Mwenye simu ndogo ya 2G alihesabiwa dolari 1 kwa mwaka, mwenye simu ya 3G ao 4G dolari 7. Watu wengi katika inchi yote walilalamika, mpaka mambo yale yakasimamishwa mwaka 2022. Hatufungui kidonda kile kwa furaha ya kukifungua. Tunasema tu: mzee anayekataa kuandika jina lake kwenye simu kwa ajili ya kazi ya Leta, musimcheke. Anakumbuka. Kumfundisha kufinya hakutatosha kama hajaelezwa jina lake linakwenda wapi, nani atalisoma, na kama kuko kitu kitakatwa. Ujuzi na uaminifu vinatembea pamoja kama miguu miwili.

Halafu kuko moto na rezo. Barrage ya Tshopo ni ya wakati wa Wabelgiji, na kila mwenyeji wa Kisangani anajua maana ya kulala bila moto. Simu iliyokufa haifungui ramani ya mtu yeyote. Kwenye machimbo, rezo ni kitu cha kupanda mlima kutafuta. Mwezi wa tano 2025, ARPTC ilipatia Starlink ruhusa ya kufanya kazi inchini. Inaweza kusaidia machimbo ya mbali, lakini kifaa chake na malipo ya kila mwezi si ya mchimbaji moja. Ni kitu ambacho koperative kadhaa zinaweza kufikiri kununua pamoja, kama vile tunavyonunua motopompe pamoja.

Majirani walifanya nini

Kenya walianza kufungua Huduma Centre mwaka 2013: nyumba moja ambapo raia anakuta madirisha ya ofisi nyingi pamoja, na watu wa kumsaidia. Pembeni yake waliweka eCitizen, kazi za Leta kwenye intaneti. Mwenye kujua anafanya kwa simu, asiyejua anakwenda kwenye dirisha. Na mwezi wa saba 2023, eCitizen iliposhambuliwa na wezi wa kompyuta na kazi nyingi zikasimama siku kadhaa, kila mtu aliona hatari ya kuweka kila kitu kwenye mlango moja. Sisi tunachukua fundisho hili: intaneti ije, lakini dirisha lisifungwe.

Tunataka nini, na sisi tutafanya nini

Kwa Leta, kuanzia Kinshasa mpaka province, tunaomba mambo matatu. Maneno ya msingi ya kazi za mines kwenye intaneti yatafsiriwe kwa Swahili na Lingala. Kila mwezi, ramani ya carré na ZEA za kila territoire ibandikwe kwenye karatasi fasi watu wanapita: Banalia, Bafwasende, Opala, Ubundu na kwingine. Na kwenye ofisi ya mines kuwe na kompyuta moja kwa ajili ya wachimbaji, na mtu wa kuwaonyesha bila kuwaomba makuta.

Lakini tusikae tukingoja. Ndani ya kila koperative, tuchague watu wawili, kijana moja na mama moja, wajifunze mambo haya mpaka wayajue. Tunasema mama kwa sababu mara nyingi ni yeye anayetunza karatasi za nyumba, na ni yeye anayebaki na deni wakati shimo limefungwa. Wawili hao wafundishe wengine wawili. Vijana wetu waliomaliza shule na wanakaa bila kazi, tuwape kazi hiyo, tuwalipe kidogo kutoka kwenye kase ya koperative. Saa moja yao ni rahisi kuliko motopompe iliyopotea.

Na tukishajua kusoma ramani, tuendelee mbele. Sheria ya 2018 inagawa redevance minière ya makampuni hivi: 50% kwa Leta ya kati, 25% kwa province, 15% kwa entité ya fasi wanakochimba, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ripoti za ITIE ziko kwenye intaneti, na zinaonyesha makampuni yalilipa nini. Decree ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011 inataka kila mkataba wa mali ya inchi utangazwe ndani ya siku 60 baada ya kuanza kufanya kazi. Chefferie ao secteur yako ikisema haikupata kitu, utakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Utauliza kwa heshima, lakini utauliza ukiwa na namba.

Wandugu, hatuombi kila mchimbaji awe fundi wa kompyuta. Tunaomba tu kwamba mbele ya mpigo wa kwanza wa jembe, mtu moja kati yetu awe ameangalia ramani. Wiki hii, koperative yoyote iliyo na point zake za GPS kwenye daftari izilete kwetu kwenye sendika. Tutazisoma pamoja, hatulipishi kitu. Mwenye shaka juu ya N na S, alete pia simu yake.